Mwanzi Uliotoroka Kisu

Vitalisi kauleta umefungwa kwa gazeti,
vipande viwili, kama kuku wa kugawana.
"Dada, wewe una uzi."
Uzi ninao. Wa sare za shule, wa rangi ya maziwa,
na mwekundu wa majoho ya kwaya, uliobaki tangu Pasaka.
Lakini mimi fundi nguo, Vitalisi.
Ninachoshona mimi hujikunja, hakivunjiki.

Aliubana mlangoni mwa lori la kuni, huko Sawala,
akaufunga mlango kwa hasira. Hasira ya nini hakusema.
Nikapima kwa tepu:
inchi kumi na saba kutoka nchani.

Mwanzi huu una habari yake.
Katika kichaka cha baba kila chipukizi hukatwa kichwa,
hukwanguliwa asubuhi, hukwanguliwa jioni,
kidondoshe ulanzi hadi mvua ziishe.
Huu uliota nyuma ya choo, hakuna aliyeuona,
ukapanda hadi ukachungulia bati.
Ulitoroka kisu. Mlango wa lori ukaungoja.

Nikauganga. Pande zote mbili nilizichonga mshazari,
zikalaliana kama watoto wa kitanda kimoja,
gundi kati, uzi juu,
siku nne juu ya jiko, maana Juni haikaushi kitu Kibao.
Umepungua shubiri. Nilimwambia mapema:
nguo iliyopasuka hairudi upana wake.

Pete za zamani, za waya wa spoki, zilikuwa na kutu,
zinakata mshipi. Nikazing'oa.
Nikatafuta nyumba nzima kitu chenye jicho laini.
Kulabu ya pazia, pana mno.
Kishikio cha zipu kina ukingo unaouma.
Ndipo chini ya kopo la vifungo zikatoka
pini za nepi za Twilumba, tano, bado zinang'aa,
kila moja na kile kitundu mviringo
pale waya unapojipinda mara moja na kurudi.
Twilumba yuko kidato cha tatu. Miguu yake imenipita urefu.
Nikakata kichwa, nikakata ncha,
likabaki jicho na miguu yake miwili.
Koleo liliteleza; nikanyonya kidole, nikaendelea.

Mwanzi una tumbo na mgongo, hilo sikulijua.
Uukandamize sakafuni, uuzungushe polepole,
unageuka wenyewe kukuonyesha unakotaka kuinama.
Pete hukaa tumboni.
Na hazipangwi kama vifungo vya shati:
nchani zinabanana, zikishuka zinaachana
kama nyumba ukitoka Kibao kwenda Mgololo.

Uzi mwekundu. Kitanzi kilazwe kwanza,
uzungushe juu yake, raundi kumi na nane, bega kwa bega,
kisha mwisho uingie kitanzini, uvutwe,
upotee chini ya wenzake.
Hakuna fundo.
Miaka ishirini na mbili nafunga mafundo
nayaficha upande wa ndani.
Vanishi sikuwa nayo. Nilimaliza chupa
ya rangi ya kucha ya Twilumba. Atanuna.

Vitalisi alisema Jumapili. Jumapili tatu zimepita;
wanasema yuko Makambako, wanasema anapakia mbao.
Mwanzi unanitazama kando ya cherehani
na mshono wake kooni.

Basi leo alfajiri, kabla ya wachuma chai kupita,
nilifunga kifungo cha shaba cha jinzi mahali pa ndoana,
mshipi uliobaki kwenye kopo la maziwa, mkono wa kushoto,
nikatoka uani. Ukungu umekaa hadi kizingitini.
Sijui kutupa. Nilitupa kama anayefukuza kuku.
Mshipi ukapita jicho, jicho, jicho, jicho, jicho,
bila kukwaruza,
ukaingia kweupe nisikokuona.

Kimya. Kisha, mbali, tap.

Nikavuta. Maji ya ukungu yalinitiririka hadi viwikoni;
gango likaitika kidogo, halikuachia.
Kifungo kikarudi na jani moja la chai, bichi,
lisilotikisa hata mizani ya kampuni.

Nikatupa tena.